Wasomaji Wauliza: Sailensa Inayopanda, Inayoshuka na Inayokataa Kabisa

Wasomaji wenye magari ya miaka ya 1980 na 1990, yale yaliyoachana na kabureta na kuanza kutumia nozeli za kunyunyizia petroli zinazoongozwa na kompyuta, wametuletea maswali yanayofanana kuhusu sailensa, yaani mzunguko wa injini inapounguruma bila pedali ya mafuta kukanyagwa. Tumechagua yale ambayo majibu yake yatawafaa na wengine, na tumeyajibu kwa urefu tofauti, kwa kuwa matatizo yenyewe hayalingani kwa uzito.

SWALI: Gari langu ni la mwaka 1994, injini yake ina silinda nne na ujazo wa lita 1.6. Likiwa la baridi huunguruma vizuri. Likishapata moto, sailensa hupanda yenyewe hadi mizunguko 1,800 kwa dakika, hushuka ghafla hadi 1,000, kisha hupanda tena, nami sijagusa pedali ya mafuta. Nimebadilisha plagi, nozeli zimeoshwa, na sensa ya oksijeni ni mpya. Sasa fundi ananishauri ninunue kompyuta ya injini. Nikubali?

JIBU: Usikubali kwanza. Dalili uliyoieleza inaonyesha kwamba kompyuta yako inafanya kazi yake sawasawa, ila inapewa hali ambayo haikutengenezwa kuikabili.

Unapoteremka mlima ukiwa umeachia pedali, kompyuta huona mambo mawili kwa pamoja: throtoli, yaani kile kibati kinachofungua na kufunga njia ya hewa, imefungwa, na injini inazunguka kwa kasi. Hapo hukata mafuta kabisa, kwa sababu magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini na hakuna haja ya kuchoma petroli. Mizunguko ikishuka hadi kiwango fulani, ambacho hutofautiana kati ya gari na gari, mafuta hurudishwa. Sasa fikiria gari limesimama, throtoli imefungwa, lakini kuna hewa ya ziada inayoingia kwa njia nyingine. Injini hupanda hadi kwenye kiwango cha kukatiwa mafuta, kompyuta hukata, mizunguko huporomoka, mafuta hurudi, injini hupanda tena. Huo ndio mwendo unaouona kwenye geji. Kwa hiyo swali la kutafutiwa jibu ni moja tu: hewa hiyo inapita wapi?

Inafaa kuelewa kwa nini hewa kidogo huleta fujo kubwa kiasi hicho. Injini ya lita 1.6 ikizunguka mara 750 kwa dakika hufagia ujazo wa lita 600 kila dakika, kwa kuwa kila silinda hunyonya mara moja katika kila mizunguko miwili. Hata hivyo, kwenye sailensa shinikizo ndani ya manifoldi, yaani bomba linaloigawa hewa kwa silinda, ni kama theluthi moja tu ya shinikizo la hewa ya nje, kwa hiyo hewa halisi inayoingia ni kiasi cha lita 200 kwa dakika. Tundu lenye kipenyo cha milimita 2 linaweza kupitisha lita 20 na zaidi, yaani sehemu ya kumi ya hewa yote. Injini hiyo hiyo ikikimbia kwa nguvu zake zote hunyonya karibu lita 4,000 kwa dakika, na lita 20 hapo hazina maana yoyote. Ndiyo sababu gari linaweza kuwa zuri barabarani na kusumbua likisimama tu.

Mtuhumiwa wa kwanza katika dalili yako ni maji ya rejeta. Magari mengi ya umri huo yana valvu ya kupandisha sailensa wakati wa baridi, na ndani yake mna nta inayopashwa moto na maji ya injini. Nta ikiwa ya baridi, valvu huwa wazi na kupitisha hewa ya ziada. Ikipata moto hutanuka na kuifunga. Maji yakipungua, au hewa ikinaswa kwenye vibomba vyembamba vinavyokwenda kwenye throtoli, nta haipati moto. Injini yenyewe ina moto, sensa ya joto imeshaijulisha kompyuta kwamba injini ina moto, lakini valvu bado iko wazi kana kwamba ni alfajiri. Kiwango cha kukata mafuta huwa chini zaidi injini ikiwa ya moto kuliko ikiwa ya baridi, na ndiyo maana gari lako huanza vituko baada ya kupata moto.

Basi anza hivi. Injini ikiwa imepoa kabisa, fungua kifuniko cha rejeta na utazame kiwango cha maji kwenye rejeta yenyewe, kwa sababu chupa ya akiba inaweza kuonyesha imejaa huku rejeta ikiwa na upungufu. Usifungue kifuniko hicho injini ikiwa ya moto hata kwa dharura. Maji yaliyo chini ya shinikizo huruka na kuunguza uso na mikono. Jaza, washa injini kifuniko kikiwa wazi na kipasha joto cha ndani ya gari kikiwa kimewekwa kwenye moto mwingi, usubiri viputo viishe, kisha ongeza tena. Halafu funga kifuniko na uache injini ipate moto wa kawaida. Gusa kwa uangalifu vibomba viwili vya maji vilivyo kwenye throtoli: vyote viwili vinapaswa kuwa na moto. Kimoja kikiwa cha baridi, njia imeziba au ina hewa. Mara nyingi kazi huishia hapa, na inasikitisha kwamba hatua hii isiyohitaji kununua chochote hufanywa mwishoni, baada ya vipuri vitatu au vinne kwisha kununuliwa.

Kama maji yapo na vibomba vina moto, toa mpira mkubwa wa hewa ulio mbele ya throtoli huku injini ikiunguruma. Hili hufaa kwa magari yanayopima shinikizo la manifoldi. Yale yenye kipima hewa kwenye mpira huo yatazima ukiutoa. Ndani ya mdomo wa throtoli utaona tundu moja au mawili madogo. Yazibe kwa kidole, moja baada ya jingine, ukiwa umekunja mikono ya nguo na kukaa mbali na feni. Ukiziba tundu na sailensa ikatulia, hewa inapita humo, na valvu iliyo nyuma ya tundu hilo ndiyo ya kusafishwa au kubadilishwa. Ukiziba yote na isitulie, throtoli yenyewe haifungi hadi mwisho, pengine kwa sababu kebo ya mafuta imekazwa mno, au hewa inaingia kwenye gasketi ya manifoldi, kwenye mpira uliopasuka au kwenye busta ya breki, kile kifaa kinachousaidia mguu kukanyaga breki.

Plagi, nozeli na sensa ya oksijeni hazina uwezo wa kuleta mwendo huu wa kupanda hadi 1,800, kwa sababu hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoingiza hewa. Ama kompyuta, hata siku itakaposhukiwa kwa haki, ipimwe kwanza kama inapata umeme kamili na kama nyaya zake za ethi, zile zinazorudisha umeme, zimeshika vizuri kwenye bodi ya injini.

SWALI: Gari langu lilikuwa linazima kila ninaposimama. Fundi alikaza skrubu iliyopo kwenye throtoli, na tangu siku hiyo halizimi, lakini linakula mafuta, na nikiachia pedali halipunguzi mwendo kama zamani. Skrubu hiyo ibaki hapo ilipo?

JIBU: Isibaki. Kwenye throtoli nyingi kuna skrubu mbili, na kuzichanganya ni kosa linaloharibu magari mazima. Moja huzuia mkono wa throtoli usikwame mwisho. Huwekwa kiwandani, mara nyingi hufungwa kwa nati na kupakwa rangi, nayo haikukusudiwa kurekebisha sailensa. Nyingine imezama ndani ya njia ndogo ya hewa inayoizunguka throtoli, na hiyo ndiyo ya kurekebishia.

Ukikaza ile ya kwanza, throtoli huinuka kidogo, na pamoja nayo huinuka sensa inayoieleza kompyuta kwamba mguu wako umeondoka kwenye pedali. Kuanzia hapo kompyuta huamini kwamba unakanyaga mafuta wakati wote. Huacha kuisimamia sailensa, na huacha kukata mafuta unapoteremka. Haya mawili ndiyo unayoyalalamikia, na hayatoki kwenye kasoro mpya. Yametoka kwenye bisibisi.

Kilichokuwa kinalizima gari lako tangu mwanzo, kwa kadiri kubwa, ni masizi. Mvuke wa oili unaotoka kwenye injini na kurudishwa kwenye njia ya hewa huacha utando mweusi kuizunguka throtoli, mahali penye upenyo mwembamba ambamo hewa ya sailensa hupita. Utando ukizidi, hewa haitoshi, injini inazima. Zima injini, toa mpira wa hewa, shikilia throtoli ikiwa wazi, na usafishe kingo zake na ukuta wake kwa kitambaa laini kilicholowa dawa ya kusafishia throtoli. Usitumie brashi ya waya wala msasa, kwa kuwa throtoli nyingine zimepakwa utando maalumu wa kiwandani ambao ukikwanguliwa haurudi.

Baada ya hapo legeza skrubu iliyokazwa mpaka throtoli ifunge kabisa, kisha irudishe hadi iguse mkono wake bila kuuinua. Hakikisha kwa multimita kwamba sensa ya throtoli inaonyesha imefungwa, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari lako. Mwisho, injini ikiwa na moto kamili, kiyoyozi kimezimwa na feni ya umeme haizunguki, rekebisha sailensa kwa ile skrubu ya njia ya hewa, ukifuata utaratibu wa kitabu wa kuiweka kompyuta katika hali ya kurekebishwa. Bila utaratibu huo kompyuta itakuwa ikirudisha kila unachobadilisha, nawe utadhani skrubu haina kazi.

SWALI: Injini yangu hutetemeka, sailensa iko kwenye mizunguko 500 hivi, na nasikia mluzi upande wa manifoldi. Jirani yangu mwenye gari la aina nyingine alipasukiwa na mpira wa hewa, lakini yeye sailensa yake ilipanda. Inawezekanaje kosa moja lizae dalili mbili zinazopingana?

JIBU: Umeuliza swali ambalo kila mwenye gari la nozeli angepaswa kuliuliza kabla ya kufungua boneti. Jibu limo katika namna gari linavyojua kiasi cha hewa kilichoingia.

Kuna magari yanayopima shinikizo ndani ya manifoldi. Mfumo wa Bosch uitwao D-Jetronic, uliotoka mwaka 1967, ulifanya hivyo, na magari mengi ya Japani ya miaka ya 1990 hufanya vivyo hivyo kwa sensa ndogo yenye mpira mwembamba. Katika magari haya, hewa ikiingia kupitia ufa, shinikizo la manifoldi hupanda, kompyuta huongeza petroli kulingana nalo, na injini, ikiwa imepata hewa na petroli, huzunguka zaidi. Hilo ndilo gari la jirani yako.

Magari mengine hupima hewa yenyewe inapopita kwenye mlango wa kuingilia. Mfumo wa L-Jetronic, uliokuja miaka ya 1970, hutumia kibawa kinachosukumwa na hewa. Mifumo iliyofuata hutumia waya mwembamba uliopashwa moto. Hewa ikiingia nyuma ya kipimo hicho, kompyuta haina habari nayo. Petroli hubaki ile ile, hewa inazidi, mchanganyiko unakuwa mwepesi kupita kiasi, na injini hutetemeka, hushuka na kuzima. Hilo, kwa maelezo yako, ni gari lako. Kumbuka pia kwamba katika mfumo wa kibawa hata kifuniko cha oili kisichofunga vizuri, au mpira uliochakaa kwenye kijiti cha kupimia oili, huhesabiwa kuwa tundu, maana chumba cha oili kimeunganishwa na njia ya hewa. Jambo hili hukupa kipimo cha haraka: fungua kifuniko cha oili injini ikiunguruma. Ikiwa mfumo wako ni mzima, sailensa itabadilika mara moja au injini itazima. Isipobadilika hata kidogo, tayari kuna hewa nyingi inayoingia mahali pengine.

Kutafuta ufa wenyewe, anza na mpira mkubwa wenye mikunjo ulio kati ya kipima hewa na throtoli. Hupasuka ndani ya mikunjo, upande wa chini, mahali ambapo macho hayafiki mpaka uutoe na kuukunja kwa mikono. Kisha chukua plaizi iliyofungwa kitambaa ubane mipira midogo ya vakyumu, yaani inayobeba mnyonyo wa manifoldi, mmoja baada ya mwingine, huku ukisikiliza: ule ambao ukibanwa injini inabadilika, fuata unakokwenda. Mpira wa busta ya breki ubanwe pia. Busta iliyotoboka hupitisha hewa nyingi na huifanya pedali ya breki kuwa ngumu, kwa hiyo hilo si suala la sailensa peke yake, na gari la namna hiyo lisiendeshwe mpaka litengenezwe. Usiisahau valvu inayorudisha mvuke wa injini. Ukiitikisa ikiwa mkononi, aina nyingi husikika zikigonga ndani, na isiyogonga imekwama.

Wapo wanaopuliza dawa ya kusafishia kabureta kwenye maungio ya manifoldi huku injini ikiwaka, na kusikiliza mizunguko ikibadilika. Njia hiyo hutoa jibu, lakini dawa hiyo ni mafuta yanayoshika moto, na ekzosi yenye joto kali iko karibu. Nisingependa msomaji wetu aifanye. Mashine ya moshi ya karakana hutoa jibu lililo wazi zaidi: moshi huingizwa kwenye manifoldi injini ikiwa imezimwa, na unapotokea ndipo penye ufa.

Geji ya vakyumu nayo ni kifaa kilichosahauliwa bila sababu. Ikiunganishwa kwenye manifoldi, injini nzima yenye moto huonyesha inchi 17 hadi 21 za zebaki katika usawa wa bahari, na hupungua kwa takriban inchi moja kwa kila mita 300 za mwinuko, jambo ambalo mtu aishiye milimani hana budi kulizingatia kabla hajailaumu injini yake. Mshale ukitulia chini ya kiwango hicho, kuna hewa inayovuja au moto wa plagi unachelewa. Ukiruka kwa mpigo ulio sawa, valvu moja ya silinda haifungi.

SWALI: Asubuhi injini huwaka na kuzima papo hapo nisipokanyaga mafuta. Baada ya dakika chache huwa nzuri siku nzima.

JIBU: Injini ya baridi ina oili nzito, na petroli haigeuki mvuke kwa urahisi, kwa hiyo huhitaji hewa zaidi na petroli zaidi, ndiyo maana sailensa ya asubuhi huwa karibu 1,200 hadi 1,500 na kushuka taratibu. Kwako mojawapo ya hivyo viwili inakosekana.

Kwa upande wa hewa, kagua ile valvu niliyoieleza katika jibu la kwanza, safari hii ukishuku kwamba imekwama ikiwa imefungwa. Katika magari ambayo valvu hiyo hupokea hewa kupitia mpira, ubane mpira huo injini ikiwa ya baridi. Mizunguko ikishuka, valvu inafanya kazi. Isiposhuka, haipitishi kitu.

Kwa upande wa petroli, pima sensa ya joto la maji. Katika magari mengi ya Japani na Ulaya, ukinzani wake huwa omu 2,000 hadi 3,000 kwenye nyuzijoto 20, na omu 200 hadi 400 kwenye nyuzijoto 80. Sensa inayoonyesha omu 300 asubuhi inaidanganya kompyuta kwamba injini ina moto, nayo hutoa petroli ya injini yenye moto. Angalia usikosee sensa: magari mengi yanazo mbili, ya waya mmoja kwa ajili ya geji ya dashibodi na ya nyaya mbili kwa ajili ya kompyuta. Geji inayosoma vizuri haithibitishi chochote kuhusu hiyo nyingine. Safisha soketi kabla ya kuhukumu, maana kutu ya kijani kwenye pini huongeza ukinzani na kuleta upotofu wa upande wa pili, yaani petroli kuzidi.

SWALI: Nikiwasha kiyoyozi, au nikikata usukani gari likiwa limesimama, injini hulegea na mara nyingine huzima.

JIBU: Mizigo hiyo hutakiwa kufidiwa na valvu ya sailensa, ambayo kompyuta huifungua kidogo inapopata taarifa kwamba kiyoyozi kimewaka au usukani umekatwa. Safisha throtoli kwanza, kisha itoe valvu na uisafishe, ukielekeza dawa kwenye njia ya hewa na kuiepusha na koili yake ya umeme. Ile yenye ncha inayotoka na kuingia usiisukume kwa nguvu, kwa sababu meno yake ya ndani huvunjika. Valvu ikiwa safi na tatizo likabaki, fundi wa umeme apime kama taarifa ya kiyoyozi inafika kwenye kompyuta. Apime na chaji pia: ikiwa altaneta haifikishi volti 13.5 hadi 14.5, betri iliyolegea hufanya valvu na nozeli zote zichelewe kufunguka.

SWALI: Sailensa ni nzito, kuna harufu ya petroli na moshi mweusi. Likizimwa likiwa na moto, kuliwasha tena ni shida.

JIBU: Hapa hewa haina lawama, petroli imezidi. Tafuta kirekebisha shinikizo la petroli, kile kikopo kidogo kilicho mwisho wa bomba la nozeli, na utoe mpira mwembamba wa vakyumu unaokishika. Ndani ya mpira huo hapapaswi kuwa na petroli hata tone. Ukiona unyevu au kunusa petroli, utando wa ndani umechanika, na injini imekuwa ikinyonya petroli mbichi kupitia hapo. Badilisha kirekebishi hicho mapema, maana petroli hiyo huingia kwenye oili na kuipunguza uzito, na hapo kinachoumia ni beringi za injini.

Kama mpira ni mkavu, pima shinikizo lenyewe kwa geji. Mifumo mingi ya zamani yenye nozeli moja kwa kila silinda hufanya kazi kwenye bari 2.5 hadi 3, na ukitoa ule mpira wa vakyumu shinikizo hupanda kwa takriban nusu bari. Lisilopanda linamaanisha kirekebishi kimekufa. Lililo juu sana linaelekeza kwenye bomba la kurudishia petroli kwenye tangi, ambalo huenda limebanwa. Zima injini uendelee kutazama geji: shinikizo likiporomoka upesi, huenda mojawapo ya nozeli inavuja, na petroli inayodondoka kwenye silinda yenye moto ndiyo inayokusumbua wakati wa kuwasha tena. Fanya kazi hii mahali penye hewa ya kutosha, mbali na moto wowote, na ushushe shinikizo kabla ya kulegeza bomba.

Ili kujua kama kasoro ni ya silinda moja, chomoa soketi ya nozeli moja injini ikiunguruma, urudishe, uhamie inayofuata. Kila silinda nzima ikinyimwa petroli, mizunguko hushuka. Ile ambayo hata ukiichomoa hakuna kinachobadilika ndiyo iliyolala. Nashauri kuchomoa soketi ya nozeli badala ya waya wa plagi, kwa kuwa umeme wa plagi usio na pa kwenda huumiza koili na moduli yake, na petroli isiyochomwa huharibu kichujio cha ekzosi. Ukiipata silinda iliyolala, pima plagi yake na waya wake, kisha nozeli, ambayo kwa aina nyingi ina ukinzani wa omu 12 hadi 16, kisha kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Fundi akifika kwenye kompresheni na kuikuta iko chini, apime nafasi ya valvu kabla ya kutamka neno la kufungua injini. Valvu iliyobana isiyofunga hadi mwisho hushusha kompresheni, na mara nyingine kuirekebisha tu hutosha.

SWALI: Mashine ya kisasa ya kupimia haishiki kwenye gari langu la mwaka 1993. Je, halina namna ya kusomwa?

JIBU: Linasomeka. Soketi ya pamoja inayotumiwa na mashine za leo ililazimishwa kwa magari yote mapya nchini Marekani kuanzia mwaka 1996, na Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mnamo mwaka 2001. Kabla ya hapo kila mtengenezaji alikuwa na njia yake, na nyingi zilitumia taa. Katika magari mengi ya Toyota ya wakati huo, chini ya boneti kuna kisanduku cha soketi chenye maandishi ndani ya kifuniko. Unganisha pini zilizoandikwa TE1 na E1 kwa kipande cha waya, washa swichi bila kuwasha injini, throtoli ikiwa imefungwa na kila kifaa kimezimwa, kisha hesabu mimweko ya taa ya injini. Mimweko iliyo sawa bila kukoma maana yake hakuna kosa lililohifadhiwa. Mimweko miwili, kituo kifupi, kisha miwili tena ni namba ya kosa 22, sensa ya joto la maji. Namba 41 ni sensa ya throtoli. Namba 31 ni kipimo cha hewa au cha shinikizo. Soma maandishi ya kifuniko mara mbili kabla ya kuunganisha, kwa kuwa pini za jirani zina umeme wa betri.

Namba inataja njia ya umeme iliyoonekana kuwa na kasoro, na njia hiyo ina sensa, nyaya, soketi na ethi. Mpira uliopasuka, throtoli yenye masizi na rejeta isiyo na maji havina waya, kwa hiyo usitarajie namba kwa ajili yake. Ukisharekebisha, futa kumbukumbu kwa kuchomoa fyuzi ya EFI, yaani ya mfumo wa nozeli, kwa sekunde 10 au zaidi, endesha gari mpaka lipate moto kamili, kisha soma tena. Namba ile ile ikirudi, pima waya na soketi kutoka kwenye sensa hadi kwenye kompyuta kabla ya kununua sensa nyingine.